Fundi na Mlango wa Kulia

Fundi alikuwa hafungi mlango wa gari, alikuwa anauaga. Anaweka viganja viwili, anausukuma polepole kama mtu anafunika mtoto blanketi, halafu anainamisha kichwa upande mmoja, anasikiza. Mlango ukisema "tk", anaenda zake. Ukisema "tak", siku hiyo hakuna mtu atakula kwa amani kwa hiyo gereji.

Alizaliwa wapi, mwaka gani, baba yake nani, mimi sijui na sikuuliza. Hapa Doha ukimuuliza mtu kwao ni wapi, anakutajia jengo analolala Al Mansoura na kitanda chake, cha juu au cha chini. Yeye alikuwa cha chini. Huo ndio ukoo wake ninaoujua.

Tulikuwa wafanyakazi wa nyumba moja. Mimi ni dereva wa familia. Asubuhi napeleka watoto shule, jioni nampeleka Mama, mke wa bosi, madukani Al Sadd, nangoja hapo mpaka simu inazima. Katikati ya siku sina kazi, kwa hivyo nilikuwa naenda gereji, nakaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, nasumbua Fundi. Yeye alikuwa ananiita Mdomo. Sikukasirika. Shule niliacha darasa la nane, mdomo ndio cheti changu.

Mwenye nyumba tulimwita Baba, vile wafanyakazi wote wa majumba hapa huita bosi. Baba alikuwa na magari mengi kuliko viatu vyangu, na ninahesabu hata slipa. Lakini kwa Fundi gari ni moja tu. Ilikuwa ya kijani, ya watu wawili, ya kutoka Uingereza, boneti ndefu kama uongo wa mtu wa kuuza ploti, usukani upande wa kulia. Marafiki wa Baba wakija kuitazama walikuwa wanaingia upande wa kushoto wakitafuta usukani. Mimi na Fundi tu ndio tulikuwa hatukosei. Kwetu dereva hukaa kulia, bwana.

Kampuni iliyoitengeneza ilishakufa. Jina lake sitataja, kwa sababu hata Fundi alikuwa halitaji. Alikuwa anasema tu "Wazee". Wazee waliweka skrubu hivi. Wazee hawangekubali hiyo gundi. Mara ya kwanza nilifikiri anaongea habari za kwao, mambo ya tambiko, nikaanza kukaa mbali na yeye kidogo.

Historia ya Wazee alikuwa anaisimulia kama umbea wa familia. Ati walikuwa ndugu wawili kwa kamji fulani mvua haikatiki, wakitengeneza mikokoteni ya farasi. "Mkubwa alikuwa na mkono," aliniambia, "mdogo alikuwa na mdomo. Kama wewe." Magari yalipokuja, farasi wakakosa kazi, ndugu wakachukua mkokoteni wao wakaufunga injini. Ndiyo maana ile gari ya kijani, chini ya ngozi yake ya bati laini, mifupa ni mbao. Mbao kabisa! Mlango, sakafu, nguzo za nyuma. Siku aliponionyesha nilicheka mpaka nikaanguka kutoka kwa ndoo. Nikamwambia, "Fundi, kumbe Baba amenunua kabati lenye taa?"

Hakucheka. Alingoja nimalize.

Akaniambia zile bati zilipigwa kwa nyundo ya mbao juu ya gunia la mchanga, na mtu mmoja alipiga upande wa kulia maisha yake yote, mwingine wa kushoto, mpaka kila mmoja akawa na bega moja kubwa. Vita vikaja wakatengeneza machela na masanduku. Vita vikaisha, vijana wa Amerika walikuwa wanataka kitu cha kukimbiza upepo, wakazinunua hizo gari kama maandazi. Na nyuma ya kiwanda kulikuwa na banda la mbao, na banda lilikuwa na mzee wake. Mbao zilikaa humo miaka, hazifanyi kitu, zinaguswa na upepo tu, mpaka yule mzee azigonge na kidole aseme zimeiva. Asiposema, hata ndugu wenyewe hawagusi.

Halafu mkubwa akafa, mtoto wa mdogo akauza kiwanda kwa watu wa tai, wale wa ofisini. Watu wa tai wakaingia kwa banda wakauliza, hii mali yote imelala kwa nini? Wakamstaafisha mzee wa banda. Wakaanza kutumia mbao mbichi. Milango ikaanza kuvimba na kupinda mikononi mwa wateja, kesi zikaja, na siku moja geti likafungwa na halikufunguliwa tena.

"Watu husema waliuawa na gari za Wajapani," Fundi alikuwa anamalizia, kila mara, akipangusa mikono. "Uongo. Waliuawa na mbao mbichi."

Siku nyingine kiwanda kiliuzwa, siku nyingine kiliungua. Nilipomshika kwa hiyo akasema, "Kiliuzwa, halafu kikaungua. Wewe una haraka ya nini?" Alikuwa anaongea habari za huko kama mtu aliyekunywa chai yao. Kumbe Uingereza hajawahi kuweka mguu. Alipata hizo habari kwa mzungu fulani mzee ambaye alikuwa akimfanyia kazi Nairobi, na kwa kitabu cha gari kisicho na jalada, alichokibeba kwa mfuko wa plastiki kama cheti cha kuzaliwa.

Masikio ya huyo mtu yalikuwa si ya kawaida. Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya mapumziko, alikuwa anaenda kanisani na kulala mahubiri yote, mdomo wazi. Siku moja akaamka katikati ya maombi, akaniambia kwa sauti ambayo mchungaji pia alisikia, "Hiyo kompresa ya AC inaumwa." Akalala tena. Wiki iliyofuata tuliabudu kwa jasho.

Na alikuwa mkali. Mipasuo ya skrubu za dashibodi lazima yote iangalie upande mmoja. Skrubu moja ya shaba, ndogo kama mchwa, ilipotea, akanipigisha magoti gereji nzima na mimi nimevaa yunifomu ya kumbeba Mama. Lakini huyo huyo simu yake ilikuwa imefungwa na raba bendi, na kiatu chake cha kushoto kilikuwa na soli ya kiatu kingine. Nilimuuliza, "Fundi, mbona wewe mwenyewe si orijino?"

"Mimi sikutoka kwa Wazee," akajibu.

Alikuwa na neno moja alilolipenda. Gari haina siri, ina mifuniko. Alikuwa analisema akifungua kitu chochote, hata kopo la mafuta. Nilikuwa namuigiza nikifungua dengu yangu ya mchana. Sikujua hilo neno litanirudia.

Sasa nifike pale penye aibu.

Doha nje ni mvuke, unavaa shati linakulowa mgongoni kabla hujafika kituo cha basi. Lakini gereji ya Baba ina AC usiku na mchana, na hiyo AC hukausha mbao kama biskuti. Kwa hivyo Fundi alikuwa anaweka ndani ya gari, chini ya kiti, gunia la katani lililoloweshwa, ndani ya beseni. Mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi. Maji ya kunywa, si ya mfereji. Aliamini ya mfereji yana chumvi. Ilipofika likizo yake ya miezi miwili, aliniachia hiyo kazi. Hiyo moja tu.

Nililowesha wiki mbili. Wiki ya tatu gunia likaanza kunuka kama mbuzi aliyenyeshewa, na marafiki wa Baba walikuwa wanakuja kuona gari. Nikafikiri, mimi ni mtu msafi. Nikalitoa nikalitupa. Nilijisifu hata.

Fundi akarudi. Kabla ya kusalimia, alifungua mlango wa kulia, akaufunga.

"Tak."

Alitazama chini ya kiti. Akafungua ngozi ya ndani ya mlango, skrubu moja moja, akiimulika na tochi, na mimi nikaona. Ule ubao wa chini, unaobeba mlango wote, ulikuwa umepasuka kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Gunia lilinuka, Fundi," nikasema.

"Eeh. Gunia hunuka."

Basi. Hakunigombeza, hakuniripoti. Ningependa anigombeze. Aliniuliza tu naenda likizo lini. Nikamwambia mwezi ujao. Akakata kipande cha katoni, akanichorea urefu na upana. "Utaniletea mvule. Si mpya. Iliyokaa."

Na mimi huyo nikaenda nyumbani, dadangu anaolewa, mbuzi, wageni, kucheza mpaka magoti, na siku ya mwisho, begi imefungwa, ndio nikaiona ile katoni mfukoni. Jasho! Fundi wa mbao yuko mji mwingine, ndege ni jioni. Nikapita shule yangu ya zamani ya msingi, madawati mabovu yamerundikwa nyuma ya jikoni yakingoja kuwa kuni. Mpishi akanipa moja kwa soda mbili. Nikalikata na msumeno wa kuazima, nikaukwaruza ubao upande mmoja kwa jiwe, nikaupaka oili chafu ya pikipiki uwe mweusi kama mvule. Ubao wa mti gani? Mungu na mpishi ndio wanajua.

Uwanja wa ndege kwetu, askari akauliza hiyo ni nini. Nikasema ni ya kulalia, mgongo unaniuma. Huku Doha wakaona kwa mashine, yule wa forodha akaniuliza, "Khashab?" yaani ni mbao? Nikasema "Khashab, sidi," na uso wa mgonjwa. Akanipungia nipite.

Fundi aliupokea kwa mikono miwili. Akaunusa. Akaugonga karibu na sikio. Akaugusa na ncha ya ulimi, sidanganyi.

"Mvule?"

"Mvule, Fundi. Mvule safi."

Akanitazama kwa muda kidogo. "Haya."

Hiyo "haya" ilinifuata mpaka kitandani. Mtu wa mdomo huogopa neno fupi. Nilikuwa nafikiria wale watu wa tai na mbao zao mbichi, na milango kupinda. Kila nikipita gereji nilikuwa nasikiza. Fundi aliupiga randa, akauchonga, akauweka. Mlango ukasema "tk". Siku ya kwanza tk, mwezi wa kwanza tk, mwaka karibu uishe, bado tk. Lakini mbao si hupinda polepole? Na kwa Baba hakuna aliyesema neno. Baba alijua tu mlango ulikuwa na kelele, sasa hauna.

Halafu Baba akaja gereji na furaha zake. Mgeni anakuja kutoka Uingereza. Mzee aliyefanya kazi kile kiwanda akiwa kijana, sasa anazunguka dunia akikagua gari zilizobaki, anaandika kwa kitabu ni ipi iko vile ilivyotoka getini na ni ipi imeguswa. Baba alitaka gari yake iandikwe haijaguswa. Na alikuwa ameshawaambia marafiki zake wote haijaguswa.

Alipoondoka nikamfuata Fundi kama kuku. "Fundi, tuseme mlango umekwama. Tuseme ngozi imeshonwa, haifunguki. Tuseme ufunguo umepotea. Mimi niko na homa, nitamwambukiza!"

"Gari haina siri," akasema.

"Najua! Ina mifuniko! Si ndio nasema tuache mfuniko!"

"Ukimwambia Baba sasa," nikaendelea, "atakasirika leo, kesho atasahau." Hapo nikaona mkono wake umesimama juu ya supana. Mkataba wake ulikuwa unaisha miezi michache mbele. Kwa umri wake, hakuna kafili mwingine, yaani bosi wa kumdhamini kibali, angemchukua. Huyu mtu aliyekuwa hawezi kudanganya hata skrubu alikuwa amekaa na huo ubao kimya mwaka mzima, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Kwa sababu angeongea, swali la kwanza lingekuwa nani alitoa gunia.

"Angenifukuza," nikasema.

"Nenda ukachukue watoto shule," akasema. "Umechelewa."

Wiki hiyo nilipita kona ya shule mara mbili, watoto wakinipigia kelele nyuma.

Mgeni akafika. Mzee mwembamba, kofia, masikio mekundu kama yamekopwa. Hakutazama gari kwa macho, alianza kwa viganja. Akafunga mlango wa kushoto, polepole, akainamisha kichwa upande mmoja. Nikamtazama Fundi. Fundi alikuwa amemtazama huyo mtu kama anaona ndugu yake akishuka ndege.

Mlango wa kushoto ukafunguliwa ngozi. Ndani ya mbao, kwa penseli, kulikuwa na majina. Kumbe Wazee walikuwa wanaandika majina yao mahali mteja hataona. Mgeni akagusa moja, akasema huyo ndiye aliyemfundisha kushika nyundo. Halafu akanyoosha mkono, akitaka bisibisi ya upande wa kulia.

Fundi hakumpa. Alifungua mwenyewe. Skrubu ya kwanza. Ya pili. Nilikuwa nimeshika ile ndoo yangu ya rangi kifuani, nikitamani kujificha ndani.

Ngozi ikatoka. Ubao wangu ulikuwa umekaa pale, umenyooka, umepakwa nta, unang'aa. Na upande unaotutazama ulikuwa ule ambao sikukwaruza. Mtoto fulani, miaka mingi iliyopita, aliuchonga kwa bikari, herufi kubwa zilizopinda: MWALIMU ANAKUJA.

Fundi alikuwa amepiga randa kila mahali, hapo akapazunguka.

Mgeni akauliza imeandikwa nini. Fundi akamwambia, kwa kile Kiingereza chetu cha huku, kwamba imeandikwa mwalimu anakuja. Yule mzee akamtazama, akatazama ubao, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaninyang'anya ndoo akaikalia.

Baba hakucheka. "Nani alileta hii?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Maisha yangu yote huo mdomo haujawahi kunikosa, hata mbele ya polisi wa barabarani. Ukabaki wazi, hakuna kitu kikatoka.

"Mimi, Baba," Fundi akasema. "Mbao ilipasuka. Nikanunua hapa hapa, kwa wauza viti vya zamani. Nikaweka."

"Kwa nini hukuniambia?"

Fundi akaanza kuokota skrubu.

Mgeni alijaribu. Alifunga mlango mara tatu akamwambia Baba asikize, akasema kazi hii hata wao wangeitia sahihi. Lakini kitabu ni kitabu. Akaandika mlango wa kulia umeguswa. Baba akasema, "Khalas," yaani imekwisha, kwa upole, akaenda. Angepiga kelele ningelala. Ule upole ndio uliosema mkataba wa Fundi hautaongezwa.

Mara ya mwisho nilimwona Ijumaa, chumbani kwake Al Mansoura, vitanda sita na sanduku moja wazi sakafuni. Wenzake walikuwa wameenda kanisani. Aliniambia, "Kalia hili sanduku, linakataa kufunga," nikalikalia. Yeye akapiga magoti na zipu.

Nikaona nikinyamaza hapo, nitanyamaza mpaka kaburini.

"Fundi. Ule ubao haukuwa mvule."

"Sogea kidogo nyuma."

"Ulikuwa dawati, Fundi. La shule. Niliupaka oili."

"Mdomo," akasema, bila kuinua kichwa, "mvule ukiupiga randa unawasha pua mpaka machozi. Mimi nimepiga randa ubao wako karibu wote, sijapiga chafya hata moja. Ulinuka watoto."

"Sasa kwa nini uliuweka?"

"Ulikuwa umekauka. Umekaliwa na watoto miaka hiyo yote wakiogopa mwalimu. Mbao gani itakauka kuliko hiyo? Yule mzee wa banda angeupitisha."

Nikacheka kidogo, halafu nikaona nalia, halafu nikajifanya nakohoa. "Na kwa nini hukusema ni mimi? Gunia mimi, ubao mimi."

Alivuta zipu mpaka mwisho. Akagonga sanduku na kiganja, akainamisha kichwa upande mmoja, akasikiza.

"Angetufukuza wote wawili," akasema. "Nani angelowesha gunia?"

Nilingoja acheke. Hakucheka. Akanishika bega, akanitoa juu ya sanduku kama kitu kilichowekwa mahali pabaya, akaniuliza basi la uwanja wa ndege linasimama upande gani wa barabara.

Sasa kuna fundi mpya, kijana, anatembea na kompyuta. Hajagusa ile ya kijani, anasema haina mahali pa kuchomeka waya. Aliniuliza hilo gunia linalonuka ni la nini. Nikamwambia akiligusa nitamkata mkono, akafikiri ni utani, kwa sababu mimi ni mtu wa utani.

Leo ni Alhamisi. Nimelowesha, maji ya kunywa, chupa mbili. Nikaweka viganja kwa mlango wa kulia, nikausukuma polepole, nikainamisha kichwa.

Umesema "tk". Nafikiri. Nimefungua tena nisikize.